Siku Nafasi ya Muda Ilipojaa

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja cha nguo mjini Jinja. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi za utawala, hakina dirisha, na mashine yake ya kupoza hewa ilidondosha maji kwenye ndoo kutwa nzima. Ndani mlikuwa na seva moja, kioo kimoja cha kuisomea, simu moja na kiti changu. Mimi ndiye niliyeiangalia seva ile. Wafanyakazi waliniita mama wa kompyuta, ingawa sikuwa na mtoto wala mume.

Nimezaliwa Mbale. Baba yangu alikuwa askari, na babu yake alifika Uganda na jeshi kutoka Sudan, kwa hiyo nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili. Baadhi ya majirani walituogopa kidogo kwa sababu ya hicho Kiswahili, maana waliwahi kukisikia kwa watu wenye bunduki. Baba alifariki nikiwa bado shuleni. Tukabaki watatu: mama, kaka yangu na mimi. Kaka akawa askari magereza pale pale Mbale, akaoa, akaishi na mama. Mimi nikasomea kompyuta Kampala, nikapata kazi Jinja, nikapanga chumba mtaa wa Nalufenya. Mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumapili, nilikwenda kumwona mama.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kwa muda wa mwaka mmoja kaka alikuwa amenipigia simu mara tatu kazini, kwamba mama amezidiwa, njoo. Mara zote tatu niliomba ruhusa, nikasafiri na roho juu, nikamkuta ameketi kitandani hospitalini akigombana na wauguzi kuhusu chakula. Mara ya tatu aliniangalia akaniambia, "Na wewe umeacha kazi ya watu kuja kuniangalia nikinywa uji?" Nilicheka. Kaka hakucheka.

Kazi yangu haikuwa ya ajabu. Seva ilihifadhi habari zote za kiwanda: majora ya kitambaa yaliyokuwa stoo, rangi zake, maagizo ya wateja, na hati za kutolea mzigo. Lori lisilo na hati iliyochapishwa na seva halikupita getini. Mimi nilitakiwa kuhakikisha mambo mawili: kwamba nafasi ya muda haijai, na kwamba seva ikilazimika kuzimwa na kuwashwa upya, inafanyika kwa utaratibu.

Nafasi ya muda ilikuwa sehemu ndogo ya diski ambayo mashine iliitumia inapopanga vitu. Mtu akiiambia impangie majora yote kwa rangi, iliyaandika kwanza pale, ikayapanga, ikatoa jibu, halafu ikafuta. Watu wote wa kiwanda waliitumia sehemu hiyo hiyo bila kujua kama ipo. Akiijaza mmoja, wote walisimama. Na seva ikiwashwa upya, sehemu hiyo ilianza tupu. Chochote kilichokuwemo kilikuwa kimekwenda.

Kuwasha upya kulikuwa na hatua zake. Nilipiga simu stoo, mauzo, chumba cha rangi, ufumaji na getini, nikawaambia watoke kwenye kompyuta. Nilisubiri. Nilizima kwanza hifadhidata, yaani programu iliyotunza habari zile, kisha mashine. Niliwasha mashine, kisha hifadhidata, nikakaa mbele ya kioo kusoma mistari inayopita. Mwishoni niliandika kwenye daftari saa ya kuzima, saa ya kuwaka na sababu.

Sehemu ile ilikuwa ndogo mno, na mimi nililijua hilo kwa karibu mwaka mzima. Ndani ya seva ile ile palikuwa na diski ya pili iliyokaa karibu tupu. Ilitosha kuihamishia nafasi ya muda huko. Lakini kazi hiyo ilitaka siku ambayo hakuna mtu kiwandani, yaani Jumapili, na Jumapili nilizobaki Jinja nilifua nguo, nikapika, nikalala. Nilijiambia mwezi ujao. Mwezi ukaja, nikajiambia tena.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nne kasoro za asubuhi simu ililia, na mama wa swichibodi, aliyeunganisha simu za kiwanda, akasema, "Ni kaka yako, yuko Mbale." Nikasikia sauti ya kaka ikitoka mbali, na nyuma yake kelele za watu waliokuwa wanasubiri simu.

"Mama tumemlaza tangu alfajiri," alisema.

"Ni sukari?"

"Ni sukari. Hasemi vizuri. Njoo."

"Nije leo?"

"Nimesema njoo." Laini ikakatika.

Nilirudisha mkono wa simu mahali pake. Nilifikiria zile mara tatu. Kisha nikafunga droo, nikachukua mkoba, na nilikuwa nimesimama tayari kwenda kumwomba mkuu wangu ruhusa mlango ulipofunguliwa. Alikuwa karani wa stoo, dada wa Kisoga aliyekaa Mafubira, nje kidogo ya mji, mtu mpole ambaye nilikula naye chakula cha mchana karibu kila siku.

"Dada, kompyuta imeganda," alisema. "Tena nadhani ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimeomba majora yote ya mwaka, iyalinganishe na yale yaliyotoka na kuyatia alama. Tangu saa moja inazunguka tu."

Niliweka mkoba chini nikaangalia kioo. Alikuwa amesahau mstari mmoja wa masharti. Kwa kuukosa mstari huo, mashine ilikuwa inalinganisha kila jora na kila jora lingine, tangu asubuhi, na kila ulinganisho iliuandika kwenye nafasi ya muda. Nafasi ilikuwa imejaa pomoni. Wakati huo huo simu zikaanza: mauzo wameganda, chumba cha rangi wameganda. Getini malori matatu yalikuwa yamejipanga na hati hazitoki.

Nilijaribu kuikata kazi yake peke yake. Mashine ilikubali amri, lakini haikuiachia nafasi. Kazi ile ilikuwa imekwisha kuandika mambo mengi kwenye kumbukumbu za stoo, na sasa mashine ilitakiwa kurudi nyuma ikiyafuta moja moja ili kila kitu kiwe kama kilivyokuwa kabla. Hilo nililijua. Kama imekwenda mbele saa tatu, kurudi nyuma nako kungekula saa kadhaa.

Mkuu wangu aliingia. Alikuwa Mkenya, mtu wa Kisumu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya.

"Hiyo kitu itaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Sijui, bwana. Inarudi nyuma."

"Ukizima na kuwasha?"

"Nafasi itakuwa tupu, watu wataweza kuingia mapema kidogo. Lakini ikiwaka itamalizia kwanza kurudi nyuma."

"Basi zima. Malori yako nje."

Hapo nikamwambia kuhusu mama. Nilimwambia kama mtu anayetoa taarifa: kaka amepiga simu, mama amelazwa, nimeambiwa niende. Alishika kidevu.

"Pole sana," alisema. Akafikiri. "Sikia. Lori la kwanza pale nje linakwenda Mbale. Likipata hati yake utaondoka nalo, mpaka mlangoni kwa hospitali. Ukienda steji sasa hivi utasubiri gari lijae. Unaonaje?"

Niliona ni sawa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walitaka kumlaumu yeye, na mimi niliwaacha wamlaumu. Hakunizuia. Aliniuliza, nami nikajibu kwamba ni sawa, nikaketi.

Nilipiga zile simu tano. Watu wa chumba cha rangi walichelewa kutoka, na katika kuchelewa kwao ikafika saa tano na nusu. Nilizima hifadhidata. Nilizima mashine. Chumba kilinyamaza, ikabaki sauti ya maji kwenye ndoo. Karani wa stoo alisimama karibu na mlango akisugua mikono, akasema, "Dada, nimekuharibia siku." Nikamwambia siyo yeye, sehemu yenyewe ni ndogo. Niliwasha mashine, kisha hifadhidata, na mistari ikaanza kupita. Ikafika kwenye ule wa kurudi nyuma, ikasimama hapo. Chini yake palikuwa na asilimia iliyopanda taratibu sana.

Karani akarudi stoo. Mkuu akaenda getini kuzungumza na madereva. Nikabaki peke yangu.

Saa sita na dakika kumi simu ililia tena. Alikuwa mama wa swichibodi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwanangu, umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaka yako amepiga. Laini ilikuwa mbaya, hakuweza kungoja nikuunganishe. Amesema mama ametutoka. Wanamwosha saa nane, wanazika baada ya Alasiri. Amesema ujitahidi."

"Asante," nilisema.

"Mwanangu, nije huko?"

"Hapana. Asante. Usimwambie mtu, nitawaambia mwenyewe."

Niliweka simu chini. Nikaangalia saa ya ukutani, nikachukua daftari, nikaandika saa ya mashine kuwaka, ambayo nilikuwa nimesahau kuiandika. Nikaandika na sababu: nafasi ya muda imejaa. Mwandiko ulikuwa wangu wa kila siku. Nilipouangalia baadaye, kwa siku nyingi, sikuona herufi hata moja iliyopinda.

Sikulia, wala sikusimama. Nilikuwa najua kabisa, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba nikitoka dakika ile, nikakodi gari dogo steji, ningefika kwenye saa kumi. Kuosha ningekukosa, lakini ningemwona uso kabla hawajamtoa nyumbani. Nilijua pia kwamba mashine haikunihitaji. Ilikuwa inarudi nyuma yenyewe. Ningeweza kumwita mkuu wangu, kumwonyesha kioo, kumwambia mstari huu ukitokea bonyeza hapa, basi. Hata karani wa stoo angeweza. Nilijua yote hayo na nikakaa nikiangalia asilimia. Ilipanda kwa moja. Nikasubiri. Ikapanda kwa moja nyingine. Nilihisi baridi miguuni kutokana na mashine ya hewa, nikavuta sketi. Hicho ndicho ninachokumbuka kuhisi katika saa ile: miguu baridi.

Mkuu aliingia mara mbili kuuliza imefika wapi. Mara zote mbili nilimjibu.

Saa saba na robo seva ilifunguka. Nafasi ya muda ilikuwa tupu. Nilipiga simu tano nikawaambia watu warudi. Nikaikagua stoo, kumbukumbu zilikuwa sawa, hakuna jora lililopotea. Hati ya lori la Mbale ikatoka ya kwanza, nikaichukua mwenyewe kutoka kwenye printa nikaipeleka getini.

Mlinzi wa getini alikuwa mzee wa Kiacholi aliyewahi kuwa jeshini. Wote tulimwita afande. Aliisoma ile hati pole pole, akapiga mhuri, kisha akaniangalia.

"Mimi nasikia mama yako iko mgonjwa."

"Ndiyo, afande."

"Mungu atasaidia."

"Asante, afande," nikasema, nikapanda lori.

Tulitoka Jinja saa nane kasoro. Dereva alikuwa mtu wa makamo, Mgisu wa Mbale, aliyependa mazungumzo. Alizungumza juu ya tairi, juu ya askari wa barabarani, juu ya binti yake aliyekuwa anaanza sekondari. Nilimjibu inavyotakiwa. Tulipopita Iganga aliniuliza, "Na wewe, unakwenda nyumbani kupumzika?"

"Mama amefariki," nilisema.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo. Dereva alipunguza mwendo kama aliyeona kitu barabarani.

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Ulikuwa unajua tukiwa pale getini?"

"Nilijua."

Akakanyaga mafuta. Lori lilikuwa limejaa majora na halikuweza kwenda kasi. Kwenye kila kilima liliguna na kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakusema neno tena mpaka Tororo. Kila nilipomwangalia nilimwona ameinamia usukani akijaribu kulisukuma kwa kifua chake. Huko Busiu, ambako madereva wote husimama kununua ndizi na mahindi, wanawake walikimbilia dirishani wakinyanyua mikungu. Akawapungia mkono wasogee. "Leo hatusimami," aliwaambia. Kwake ilikuwa njia ya kunipa pole, nami nilielewa, lakini jua lilikuwa limekwisha kulala upande wetu na wote wawili tuliweza kuona ni saa ngapi.

Alinishusha karibu na nyumbani ikiwa imekaribia Maghrib. Uani palikuwa na mikeka, na wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, viatu vyao vina udongo. Kaka alikuwa anawamwagia maji ya kunawa. Aliniona. Alimaliza kwanza kummwagia mtu aliyekuwa mbele yake, akaweka birika chini, akanishika bega.

"Tumeshamaliza," alisema.

"Nimeona."

Ndani, wanawake walinipokea kwa kilio, na kilio chao kilipita juu yangu kama kelele za nyumba ya jirani. Wifi yangu, mke wa kaka, alinikalisha kwenye mkeka. Yeye ndiye aliyemwosha mama, pamoja na majirani wawili wa Kinubi. Ilikuwa haki yangu mimi, mtoto wa kike, na wote waliokuwa chumbani walijua.

"Tulikusubiri mpaka saa tisa," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Maji yakapoa, tukayapasha tena. Ujumbe wa pili haukukufikia?"

"Nilikuwa nimekwisha kuondoka," nilisema. "Nilikuwa njiani. Lori liliharibika."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulitoka bila haraka, umekamilika. Wifi akatikisa kichwa, akasema malori haya ni balaa, na mwanamke mwingine akasema na matajiri wa viwanda hawana huruma, wanamkalisha mtu kazini mama yake anakata roho. Nikawaacha. Wakaendelea kumsema mkuu wangu, mtu wasiyemjua.

Nilikaa Mbale siku tatu za matanga. Nilipika, niliosha masufuria makubwa, nilipokea wageni. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine walisema nina subira. Usiku nililala kwenye kitanda cha mama kwa sababu hapakuwa na kingine. Nilitegemea jambo fulani litokee, nilie, nipige kelele, lakini nililala usingizi mzito bila ndoto na kuamka na adhana.

Siku ya nne nilirudi Jinja. Karani wa stoo alinikumbatia akalia yeye, akilowesha bega langu, akisema ni kosa lake, kama si yale majora. Nikamwambia asiseme hivyo. Mkuu wangu alinipa mkono, akanipa bahasha ya rambirambi iliyochangwa na ofisi, akasema, "Ungeniambia. Kwa nini hukuniambia?" Mama wa swichibodi alikuwa amesema, kwa hiyo mkuu alijua kuhusu ile saa niliyokaa baada ya kupata habari. Nikamjibu kwamba sijui. Akaenda zake. Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kiwandani peke yangu. Nilizima seva, nikaihamishia nafasi ya muda kwenye ile diski ya pili, nikaipa ukubwa mara nne ya ule wa zamani, nikawasha. Kazi yote ilichukua saa moja na robo. Niliandika kwenye daftari, nikafunga mlango, nikaenda kununua nyanya.

Halafu nikaanza kumfundisha karani wa stoo. Mkuu alishangaa, lakini alikubali. Kila siku baada ya chakula alikuja chumbani kwangu na kidaftari chake. Nilimfundisha kusoma ile mistari, kujua ipi ni ya kawaida na ipi ya kuita msaada, kupiga simu tano kwa mpangilio wake. Alikuwa na hofu na mashine. Mara ya kwanza niliyomwacha aizime mwenyewe alifumba macho akibonyeza. Lakini alishika haraka, na makosa hakuyarudia. Mara moja, tukisubiri seva iwake, aliniuliza, "Dada, siku ile ulikuwa unafikiria nini, ulipokaa hapa?"

"Asilimia," nilisema.

Alifikiri ninatania, akaniangalia, akaona sitanii. Akaandika kitu kwenye kidaftari chake, sijui nini.

Ilipofika arobaini ya mama nilimwachia yeye chumba nikaenda Mbale siku mbili kabla. Jioni ya kwanza, kaka alikuwa uani anatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni uliokuwa umelegea. Bado alikuwa amevaa suruali ya sare ya magereza na fulana. Nilikuwa nimemshikia mlango usianguke. Watoto wake walikuwa madrasa, wifi alikuwa sokoni. Nikasema, bila kupanga, "Lori halikuharibika."

Aliendelea kukaza skrubu.

"Ujumbe wako wa pili ulinifikia," nilisema. "Saa sita na dakika kumi. Niliupata, nikakaa. Nilikaa saa nzima na zaidi, naangalia mashine. Hakuna aliyenishika. Ningeondoka pale pale ningemwona uso."

Aliweka bisibisi chini. Alifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sijui. Nimejiuliza."

"Hukuweza kumpa mtu mwingine funguo?" Kwa kuwa alikuwa askari magereza aliielewa kazi yangu kwa njia hiyo, kwamba kuna mtu mwenye funguo na haruhusiwi kutoka mpaka aje mwingine.

"Niliweza," nilisema.

Nilifikiri atanitukana, na nilikuwa tayari, nadhani hata nilitaka anitukane. Badala yake aliketi kwenye kizingiti, kichwa kiko sawa na magoti yangu, mimi bado nimeushika mlango.

"Mimi siku ile nilipokupigia mara ya kwanza," alisema, "nilikuwa nimekwenda posta. Hospitali simu yao ilikuwa imekufa. Foleni ilikuwa mpaka nje. Nilikaa kwenye foleni ile zaidi ya saa moja. Nilivaa sare, ningeweza kuwapita wote, wangeniachia, unajua watu wanavyoogopa sare. Sikuwapita. Nilikaa tu, kama mtu mwenye nafasi. Niliporudi hospitali walikuwa wameshamfunika."

Sikujua. Hakuwa amemwambia mtu, wala mkewe. Wote walidhani alikuwa naye.

"Alikuwa na nani?" niliuliza.

"Hakuwa na mtu. Muuguzi alikuwa wodi nyingine. Yule mgonjwa wa kitanda cha pili aliniambia aliomba maji. Alipewa maji. Yule mgonjwa alimpa."

"Alisema kitu?"

"Alisema maji ni ya moto."

Huko nje mtu alipita na redio. Kaka aliinuka, akaokota bisibisi, akaniambia niinue mlango kidogo, nikainua, akakaza skrubu ya mwisho. Aliufungua na kuufunga mara mbili tatu. Ulikuwa umekaa sawa.

"Usimwambie wifi yako," alisema.

"Sitamwambia."

"Na mimi sitasema yako."

Wifi alirudi na kapu, tukamsaidia kutoa vitu. Alikuwa amenunua mchele wa arobaini, akalalamika kwamba una mawe mengi. Tulikaa watatu kwenye mkeka tukauchagua mpaka watoto waliporudi, kaka naye akichagua, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Wifi alimtania kwa hilo. Alitabasamu.

Siku ya khitma, baada ya wageni kula na kuondoka, nilikwenda makaburini na kaka, mara ya kwanza. Kaburi lilikuwa limeanza kushuka upande mmoja kwa mvua. Yeye alisoma dua na mimi nikaitikia. Nilisimama pale nikitazama ule upande ulioshuka, nikawaza kwamba unahitaji udongo zaidi, na tutapata wapi toroli. Nikamwambia. Akasema atakuja Jumamosi na mahabusu wawili anaowaamini. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Keshoye nilipofika kazini nilimkuta karani wa stoo ameketi kwenye kiti changu. Umeme ulikuwa umekatika jana yake na kurudi vibaya, na alikuwa ameiwasha seva upya peke yake, hatua zote, simu zote tano. Alinionyesha daftari. Alikuwa ameandika saa ya kuzima, saa ya kuwaka, na kwenye sababu akaandika umeme, kwa herufi kubwa.

"Nimekosea mahali?" aliuliza.

Niliusoma ukurasa wote. "Hapana," nilisema. Nikavua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto la njiani, nikavuta kiti cha pili, nikaketi pembeni yake.